Mazuku si Mulozi: Jibu kwa Wanaotetea Mila Wasizozijua

Katika vijitabu vyetu vya mila tumezoea kusifu. Tunasifu ngoma, tunasifu ndoa za zamani, tunasifu adabu ya watoto wa wakati ule. Mimi leo sikuja kusifu. Nimekuja kugombana. Na ninaogombana nao si wazungu, wala si vijana wanaotembea na simu sikioni. Ni sisi wenyewe, watu wazima wa Goma, tunaosimama kwenye matanga na kwenye harusi na kusema «wazee walisema», halafu tunaweka kinywani mwa wazee maneno ambayo hawakuyasema.

Nianze na kisa. Ni miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja upande wa magharibi, kwenye njia ya kwenda Sake. Mtoto wa miaka kama sita alitumwa alfajiri kutafuta mbuzi waliokata kamba usiku. Mbuzi walikuwa wamelala ndani ya kijibonde cha mawe ya volkeno, kama wamesinzia tu. Mtoto akashuka kuwaamsha. Hakupanda tena. Kaka yake akamfuata, akaanguka naye; yeye alivutwa kwa kamba na motari aliyekuwa anapita, akapona kwa shida sana.

Jioni ile, kwenye matanga, jina moja lilikuwa linazunguka kutoka kiti hadi kiti. Bibi mmoja mjane, wa nyumba ya tatu. Kosa lake? Asubuhi ile alipita kando ya kijibonde kile akielekea shambani, akarudi mzima. Halafu macho yake yalikuwa mekundu. Yatakosaje kuwa mekundu, mama aliyepika kwa kuni miaka hamsini? Haikupita wiki, mabati ya nyumba yake yakapigwa mawe usiku. Akaondoka na mfuko mmoja, akaenda kwa binti yake mbali. Shamba lake likapata mwenyewe upesi sana. Hapo mnielewe vizuri.

Wengi wenu mnaosoma hapa mnajua kisa kinachofanana na hiki. Ndiyo maana ninaandika.

Nilirudi darasani nikauliza wanafunzi wa mwaka wa tano: mazuku ni nini? Mkono wa kwanza ulioinuka: «Mwalimu, mazuku ni balozi banaitumaka usiku.» Nikauliza: mnajuaje? Hapo wakanipa sababu tatu, na nilishangaa, maana zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko mazoezi yao ya hesabu.

Ya kwanza: «Inauaka batoto na mbuzi. Mukubwa anapita, haimufanye kitu. Ni mulozi anachagua.»

Ya pili: «Inakamataka usiku na asubuhi mapema. Mchana hapana. Balozi banafanyaka kazi usiku.»

Ya tatu: «Mutu akienda kuokoa ndugu yake, naye anakufa. Inafuataka famii.»

Ndugu wasomaji, nataka mshike sababu hizi tatu vizuri, kwa sababu zote tatu ni za kweli. Mtoto anakufa mbele ya mkubwa. Alfajiri inaua kuliko mchana. Anayeshuka kuokoa anakufa juu ya aliyeanguka. Watu wetu si wajinga, wameona sawasawa. Macho yao hayakudanganywa. Kilichodanganywa ni hukumu.

Mazuku ni hewa. Jina lake la shuleni ni gazi kaboniki, ile ile tunayoitoa puani tukipumua, ile ile inayotoa povu katika Fanta na katika Primus. Inatoka ardhini, kwenye nyufa za mawe ya volkeno, hasa kando ya ziwa upande wa magharibi wa mji: Himbi, Keshero, Lac Vert, Bulengo, Mugunga, kuelekea Sake. Haina rangi. Haina harufu. Na ina uzito: inazidi hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi. Inateremka kama maji, inajaa kwenye mashimo na vijibonde kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Katika hewa tunayopumua kila siku gazi hii haifiki hata sehemu 1 kwa 1,000. Ikipita 10 kwa 100, mtu anapoteza fahamu kwa dakika chache tu. Ikizidi sana hapo, hana hata nafasi ya kuita.

Sasa turudi kwenye sababu tatu.

Kwa nini mtoto na mbuzi? Kwa sababu pua zao ziko chini. Hewa ile imejaa hadi kwenye goti au kiuno cha mtu mzima. Mtu mzima anapita kichwa chake kikiwa juu, kama mtu anayevuka mto usiofika shingoni. Mtoto wa miaka sita amezama tayari. Bibi yetu alipita ukingoni, amesimama wima, akaenda zake shambani. Hakuwa na dawa. Alikuwa na urefu.

Kwa nini usiku na alfajiri? Kwa sababu usiku hewa ni baridi na imetulia, basi gazi inatulia nayo na kujaa. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inachanganyika na kutawanyika. Mulozi huyu anaogopa upepo! Ni mulozi gani huyo?

Na kwa nini inafuata familia? Kwa sababu ni nani anayeshuka shimoni kumchukua mtoto aliyeanguka? Ni mpita njia? Hapana. Ni baba, ni kaka, ni mama. Anashuka mbio, anainama, na kuinama ndiko kuingia ndani ya mazuku. Upendo ndio unaofuata familia. Kinachowaua ni kwamba hakuna aliyewaambia wasishuke.

Hapa ninasikia sauti ya wale ninaogombana nao. «Mwalimu, hiyo ni sayansi ya wazungu. Wazee wetu walikuwa na maarifa yao.»

Vizuri sana. Tuongee juu ya wazee. Neno «mazuku» lilitoka wapi? Si kwa Wabelgiji. Ni neno la watu wa hapa, la kutaja upepo mbaya unaoua usiku. Upepo! Wazee waliona kwamba ni kitu cha hewa, kwamba kinaua, kwamba saa yake ni usiku. Hawakuwa na mashine hata moja, na walipata mambo matatu kwa matatu. Na je, mnajua kwamba wataalamu wa volkeno, wakiwa Ulaya au Marekani, wanapoandika juu ya mashimo ya gazi ya namna hii, wanaandika neno hili hili, mazuku? Hawakupata neno bora katika lugha zao. Neno la mama zetu wa kando ya ziwa limeingia katika vitabu vya dunia nzima. Na sisi wenye neno, tunalitumia kufukuza wajane.

Nani basi anayedharau wazee? Ni mimi ninayesema walijua, au ni yule anayewafanya wapiga ramli?

Maana ndani ya neno la wazee mlikuwa na amri. Usilale bondeni. Usitume mtoto mapema kwenye mashimo. Ukiona panya au ndege wamekufa mahali, usiinamie hapo. Mbuzi akianguka shimoni, mwache. Hizo ndizo mila. Mila ni ile amri iliyookoa mtu. Hadithi ya mulozi ni vumbi lililokaa juu yake, na sisi tumetupa amri tukabaki na vumbi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema. Lakini mkuu alisema «usishuke». Hakusema «mpige mawe jirani».

Na angalieni jambo moja. Amri inafundisha mgeni. Hadithi ya mulozi haimfundishi chochote. Goma ni mji wa watu waliotoka kwingine. Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walivuka mpaka kwa siku chache, na wengi waliwekwa Mugunga, juu ya mawe hayo hayo ya mazuku. Tangu hapo vita vya kila namna vimeleta watu kutoka Masisi, Rutshuru, Walikale, wanajenga pale wanapopata nafasi, na nafasi rahisi mara nyingi ni bondeni. Mtu huyu hakuzaliwa hapa. Ukimwambia «hapa kuna balozi», ataenda kununua dawa au kuombewa, halafu atalala pale pale na watoto wake chini kwenye mkeka. Ukimwambia «hapa hewa mbaya inajaa usiku, jenga juu kidogo, inua kitanda», umemwokoa.

Mambo ni yale yale kwa mlima wetu. Wazee wa pande hizi, na wa ng'ambo ya mpaka pia, walisimulia kwamba roho za wafu zinakaa katika milima ya moto. Sina ugomvi na masimulizi hayo. Ni mazuri, yaandikwe, watoto wayajue. Ugomvi wangu unaanza pale mtu anapoyatumia kama jibu la swali lingine.

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Nilikuwa kijana, tulikimbilia Gisenyi na magodoro kichwani. Usiku ule ule nilisikia: «Mlima umekasirika juu ya dhambi za Goma.» Siku chache baadaye, tarehe 21, watu makumi walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka: walikuwa wanachota mafuta pembeni ya lava iliyokuwa bado ya moto. Hao nao waliuawa na hasira ya mlima? Waliuawa na mafuta, na joto, na umaskini.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ukapasuka tena, bila onyo. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Na katika waliokufa, wengi hawakuguswa na lava: walikufa kwa ajali za barabarani wakikimbia gizani. Wengine walijaribu siku zilizofuata kuvuka lava iliyokuwa inapoa, wakakosa hewa. Tarehe 27 mitaa kumi ikaamriwa ihame. Na tena nikasikia, njiani kuelekea Sake: «Ni dhambi.»

Mnajua wimbo huo unamfurahisha nani? Unamfurahisha kila mwenye daraka. Kwa maana kama ni dhambi, hakuna wa kuulizwa. Hakuna wa kuulizwa kwa nini kituo chetu cha kuchunguza volkeno kilibaki bila msaada wa Benki ya Dunia tangu 2020. Hakuna wa kuulizwa kwa nini tuliruhusiwa kujenga juu ya njia ya lava ya 1977, na tena juu ya ile ya 2002. Mlima wenye hasira hauandikiwi barua wala hauitwi kujibu.

Halafu kuna ziwa. Chini kabisa mwa Kivu kuna gazi nyingi sana, kaboniki na metani, zimefungwa na uzito wa maji. Zinakadiriwa kufika kilomita za ujazo 300 za kaboniki na 60 za metani. Wenzetu wa Kameruni wanajua maana yake: usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos, dogo kabisa mbele ya letu, lilitapika kaboniki, ikateremka mabondeni, ikaua watu zaidi ya 1,700 na ng'ombe wao. Ni mazuku yale yale, ila ya bonde zima. Wenzetu hawakubaki kutafuta mulozi wa Nyos. Tangu 2001 bomba limewekwa ziwani kutoa gazi pole pole. Ng'ambo ya pili, Wanyarwanda wanachota metani ya Kivu na kuwasha umeme. Gazi iliyoogopwa inapika chai. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuuliza «ni nani?» na kuuliza «ni nini?».

Najua kuna msomaji anayesema: huyu mwalimu anataka kutuondolea mila, tubaki na nini? Nimjibu kwa chakula.

Kaa mezani na mzee yeyote wa Goma, atakwambia: sambaza ndiyo samaki ya mababu, hakuna Kivu bila sambaza. Ndugu yangu, sambaza haikuwa Kivu! Ilitolewa katika ziwa Tanganyika na kutiwa katika Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Babu yangu alizaliwa kabla yake. Bugali ya muhogo na sombe yake? Muhogo ulitoka Amerika, ukavuka bahari na merikebu za Wareno. Mahindi, maharagi, vilevile Amerika. Viazi ulaya, jina lenyewe linakiri. Na kitenge tunachokivaa kwenye sherehe za mila, tukipigwa picha kwa fahari? Ufundi wa nta ule ni wa Java, Waholanzi wakaugeuza kuwa kazi ya mashine, halafu wakatuuzia sisi.

Je, nimesema hayo ili mtupe sambaza? Nitakuwa wa kwanza kulia! Sambaza ni yetu. Kitenge ni chetu. Ni mama zetu waliojua kukausha, kukaanga, kushona, kuuza. Ninachosema ni kwamba mila haikuanguka kutoka mbinguni siku moja ikiwa imekamilika. Watu wetu walipokea, walijaribu, walichagua, walitupa. Wazee walikuwa watu wa kuchagua. Walipoletewa samaki mpya hawakuuliza «babu aliila?», waliuliza kama inashibisha. Basi na sisi tuna haki ya kuchagua. Tuhifadhi neno mazuku, tuhifadhi amri zake, tuhifadhi masimulizi ya mlima kwa watoto jioni. Tutupe mawe yanayopigwa juu ya mabati ya mjane. Hakuna babu atakayetulaani.

Sasa niseme na wenzangu, kwa sababu si haki kupiga wengine na kujiacha. Sisi walimu ndio wakosefu wa kwanza. Mimi nina diploma ya ISP. Miaka mingi nimeandika ubaoni, kwa Kifaransa kizuri, kwamba gazi kaboniki ni nzito kuliko hewa na haisaidii moto kuwaka. Wanafunzi wakanakili. Wakapata pointi 8 kwa 10. Wakarudi nyumbani Keshero, wakatuma wadogo zao bondeni alfajiri. Gazi kaboniki ilikaa katika daftari, kwa Kifaransa. Mazuku ilikaa mtaani, kwa Kiswahili. Na mimi sikuwahi kuwakutanisha. Huyo kaka aliyevutwa kwa kamba alikuwa amekaa darasani kwangu mwaka mmoja kabla. Nimebeba hilo.

Tangu siku ile ninafanya hivi, na ninawaomba wenzangu wafanye. Chukua beseni, weka mshumaa mfupi na mshumaa mrefu, viwashe. Pembeni, ndani ya chupa, changanya siki na bikabonati ya kupikia. Povu likipanda, inamisha chupa juu ya ukingo wa beseni, kama unamwaga maji, ila usimwage siki. Hauoni kitu kikitoka. Mshumaa mfupi unazimika. Mrefu unaendelea kuwaka. Darasa linanyamaza. Kisha ninauliza: mtoto ni upi? Mtu mzima ni upi? Mulozi yuko wapi? Mwaka jana msichana mmoja alisema pole pole: «Kumbe yule koko hakufanya kitu.» Sikuongeza neno. Ila ninawaonya: msishuke bondeni na mshumaa kujaribu. Moto unaweza kuwaka bado na hewa ikawa tayari inadhuru.

Kwa chama chetu nina maombi matatu, nayo si ya gharama.

Kwanza, badala ya kuandika mazuku katika orodha ya «imani za zamani», tuwakalishe wazee wa kando ya ziwa, watuonyeshe vijibonde vyote vinavyojulikana, na majina yake. Tuviandike, tuvipe watu wa kituo cha volkeno na mashefu wa mitaa, na pale penye hatari tuweke bango kwa Kiswahili.

Pili, tuandike amri. Usilaze mtoto chini katika nyumba ya bondeni. Usimfuate mnyama shimoni asubuhi. Mtu akianguka, usishuke: mvute kwa kamba au kwa mti mrefu wenye ndoano, ukiwa umesimama juu, huku wengine wakiita msaada.

Tatu, na hili ndilo gumu: siku ya matanga, jina la mtu likianza kuzunguka, mwanachama wetu asimame. Asingoje kesho. Aseme mbele ya wote: mtoto wetu ameuawa na mazuku, na mazuku haina mjumbe. Atachukiwa jioni ile. Mimi siku ile nilikuwa kwenye matanga, nimekaa kiti cha nyuma, na nilijua. Nilinyamaza kwa sababu niliona si saa ya masomo.

Ilikuwa saa ya masomo.